Pampu ya Kaka na Kipimo cha Mto

Nyumba ya Kipimo,
Chini ya Daraja la Chuma.
Jumapili, 5 Oktoba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, chai iko karibu na miguu umeinyoosha. Goti la kushoto linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia baridi ya huko inaliuma, na daktari amekuandikia mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi. Kwa ujinga wangu mimi nilidhani ngazi ndizo zilizoliharibu. Utanieleza.

Huku hatujambo. Mume wangu bado na karakana yake ya useremala, na siku hizi amepata kazi ya kutengeneza madawati ya shule, kwa hiyo nyumba nzima inanuka vanishi. Binti yetu mkubwa anajiandaa na mtihani wa mwisho na haongei na mtu. Kitindamimba ameng'oka meno mawili ya mbele, kila akisema "shikamoo" inatoka na upepo. Ungekuwepo ungecheka mpaka goti lisahau kuuma.

Shangazi, ujumbe wako wa sauti Wifi alinisikilizisha. Nimeusikia mara tatu. Ulisema, "Nimeambiwa umemfungia kaka yako maji, na mimi sikukulea hivyo." Sikukujibu siku ile kwa sababu kwenye simu wewe huwa hunipi nafasi, ninaanza sentensi wewe unaimaliza. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Karatasi itanivumilia.

Alichokuambia Kaka si uongo. Ila hakuanza mwanzo, na mimi nataka nianze mwanzo.

Unajua kazi yangu, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza vizuri. Hapa chini ya daraja, ndani ya mto, umesimama ubao mweupe wenye mistari na namba nyeusi, kama rula kubwa. Kila asubuhi saa kumi na mbili, na kila jioni saa kumi na mbili, nateremka ngazi, naangalia maji yamegusa namba gani, naiandika kwenye kitabu, halafu naituma kwa simu ofisi ya bonde, inayosimamia maji ya mto huu. Ndiyo kazi yenyewe. Mwaka huu nimetimiza miaka kumi na moja nikiifanya, na bado mume wangu akiulizwa mke wako anafanya nini, anasema, "Anauangalia mto."

Namba hiyo ndiyo inayogawa maji. Juu ya daraja wako wakulima wa mboga na pampu zao, na Kaka ni mmoja wao. Chini ya daraja, mwendo wa saa moja kwa baiskeli, kuna mji, na bomba la mji linanyonya mto huu huu. Miaka mitatu iliyopita pande zote mbili zilikaa zikakubaliana. Maji yakiwa sentimita arobaini au zaidi, wakulima wanapampu. Yakishuka chini ya arobaini, pampu zote za juu zinazimwa, yaliyobaki yanaachiwa mji. Kaka alikuwepo kwenye kikao kile, na saini yake ni ya tatu kutoka juu. Tena aliitetea arobaini kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu mwaka ule bado alikuwa kwenye machimbo ya mawe, na maji ya kunywa nyumbani kwake alikuwa anayanunua kwa dumu kutoka bomba la mji.

Halafu mgongo wake ukakataa mawe. Hilo unalijua, ulimtumia ule mkanda wa kujifunga kiunoni. Tangu hapo shamba ndilo kazi yake, hana nyingine. Mwaka jana alilima ile robo eka kando ya nyumba tu, mambo yakamwendea vizuri. Mwaka huu akaongeza na shamba la baba, lile ulilomruhusu alilime, ukamwambia asiliache likalala. Akapanda nyanya kote kuwili. Nilikwenda kuziona mwezi wa nane zikiwa zimeanza kutoa maua. Shangazi, zilikuwa nzuri. Matuta yamenyooka, kila mche umefungwa kwenye kijiti chake, na Kaka anatembea katikati akiwa amepinda kidogo kwa ajili ya mgongo, anageuza majani na kunionyesha, kama mtu anayekutembeza kwenye nyumba mpya.

Mvua za mwaka huu zilikuja chache na zikaondoka mapema. Kipimo kikaanza kushuka. Wiki moja kilisoma arobaini na saba, wiki iliyofuata arobaini na tatu. Kila mtu huku juu akawa ananiuliza namba kabla ya kunisalimia. Mwenyekiti wa wakulima, yule mzee tunayemwita Foleni kwa sababu hataki hata watu wawili wakae bila kupanga mstari, akawa anakuja mwenyewe kuchungulia kutoka juu ya daraja.

Jumatatu moja mchana Kaka alikuja hapa. Nilikuwa nafua. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Leo ngapi?"

"Arobaini kamili."

Akaugeukia mto. "Nyanya zangu zinataka wiki tatu. Zikipita tatu, tunda limeshafunga, hata maji yakipungua haidhuru sana. Kabla ya hapo ua linadondoka."

"Najua."

"Sasa kesho ikisoma thelathini na tisa, wewe andika arobaini na moja. Sentimita mbili. Hata kidole hazifiki."

"Kaka, usiniambie hayo."

"Nimwambie nani? Nina dada mwingine anayesoma kipimo?"

Aliniangalia nikisuuza mashati mpaka nikamaliza, kisha akanisaidia kuyaanika, akaondoka. Hakuniomba mara ya pili.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nina hakika hukuambiwa kwenye simu. Kesho yake, Jumanne, ubao ulisoma thelathini na tisa. Mimi nikaandika arobaini na moja.

Jioni ilikuwa thelathini na nane na nusu, nikaandika arobaini na nusu. Jumatano hivyo hivyo, asubuhi na jioni. Mistari minne kwenye kitabu, na yote nimeiandika kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa naona ile mikono yake inageuza majani. Nilijiambia mji una matangi, mji una mabomba, siku mbili tatu hazitawaua. Na pampu za huku juu, si ya Kaka peke yake, zote kumi na tisa, zikaendelea kunguruma.

Alhamisi, kabla sijatuma namba ya asubuhi, nilikwenda mjini kupeleka kitabu kilichojaa na kuchukua kipya. Ofisi ya bonde inatazamana na hospitali. Nilipofika nikakuta kwenye geti la hospitali kuna mstari wa madumu ya njano umezunguka ukuta hadi nyuma. Nikadhani kuna msiba, nikauliza. Mwanamke mmoja akanijibu bila kunitazama kwamba maji yamekatika tangu jana mchana, mto umeshuka, mdomo wa bomba umeanza kuvuta tope, ikabidi mashine izimwe.

Yule mkunga aliyenizalisha kitindamimba bado yupo pale, yule mnene mwenye sauti inayosikika hadi mlangoni. Alikuwa ametoka nje ya wodi ya wazazi na ndoo tupu. Aliniona kabla sijajificha.

"Wewe si ndiye wa mto? Njoo unimiminie."

Akanipa kikombe. Nikawa nammiminia maji kidogo kidogo anawe mikono, naye anasugua mpaka kwenye viwiko, anahesabu kwa midomo. Kikombe kimoja na nusu.

"Tangu alfajiri nimepokea wawili," akasema. "Wa pili mama yake alikuja na dumu lake mwenyewe, amelibeba huku uchungu umeshaanza. Kama asingelibeba sijui ningefanyaje."

"Mtoto mzima?"

"Mzima. Na mama mzima. Lakini shuka sijafua, na huko ndani kuna mwingine anakaribia." Akajifuta. "Ninyi huko juu mmeuangaliaje huu mto?"

Hakuwa ananishutumu, Shangazi. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anavyouliza mvua itanyesha lini. Nikamrudishia kikombe. Nilivuka barabara na kile kitabu kwapani, na ninakuambia ukweli, ile barabara ni ya hatua ishirini lakini mimi niliiona ndefu.

Injinia wa bonde alikuwa anakula mezani kwake. Nikafungua ukurasa, nikaweka kidole kwenye ile mistari minne, nikamwambia hii siyo niliyoiona. Akaacha kula. Hakunifokea. Alifungua droo, akanipa kalamu nyekundu, akasema, "Andika ya kweli pembeni. Ya uongo usiifute." Nikaandika. Safari hii mwandiko ulikuwa mbaya. Kisha akaniuliza nani aliniomba. Nikasema hakuna aliyeandika isipokuwa mimi. Akanitazama sana, akajua nimemkwepa, akaliacha hapo.

Nilipewa barua ya onyo, ninayo kabatini. Na saa tisa mchana siku ile ile ukatoka ujumbe kwa wakulima wote kwamba pampu zizimwe.

Kaka alikuja Ijumaa asubuhi. Alisimama nje ya mlango, hakutaka kuingia.

"Umenifunga," akasema.

"Maji yamepungua, Kaka."

"Maji yalipungua Jumanne. Jumanne ulikuwa dada yangu."

Hapo ndipo palipotoka ule mtafaruku uliousikia. Wifi alijaribu kutuita wote wawili jioni hiyo tukae chini hapa kwangu, Kaka hakutokea. Nadhani jioni ile ndipo alipokupigia simu. Simlaumu. Alikuwa na mashamba mawili ya maua yanayosubiri maji, na mto anauona kwa macho yake unapita mbele ya pampu iliyozimwa. Hilo ni gumu kuliko mto uliokauka kabisa.

Jumatano ya wiki iliyofuata kikaitishwa kikao, kwenye darasa la shule ya msingi iliyo katikati ya njia. Watu wazima tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakafika kifuani. Upande wa dirisha wakulima, upande wa ukuta watu wa mji, na mbele Injinia na ubao wake.

Watu wa mji wakaanza kwa ukali. Walijua habari za mistari minne, maana huku habari haikai. Mimi nikaona afadhali nisimame kabla sijasimamishwa. Nikasema niliandika namba ya uongo siku mbili, kwamba ni mimi mwenyewe, kwamba nilifika hospitali nikaona kilichotokea na sitaki kuona tena. Nikakaa. Kaka alikuwa dawati la nyuma, sikugeuka kumtazama.

Mfanyabiashara mmoja wa mjini akasema nifukuzwe. Foleni akanyanyuka polepole, akamwambia, "Tumfukuze, sawa. Halafu tumweke nani? Wa kwenu au wa kwetu?" Foleni akaendelea, akatoa simu yake, akaipitisha dawati kwa dawati. Ilikuwa picha ya bomba kuu la mji limepasuka karibu na stendi, maji yanatiririka barabarani, na vijana wawili wanaosha magari pembeni yake kama wamejaliwa chemchemi.

"Hii ni wiki ya tatu linamwaga," akasema. "Mimi nimezima pampu, nyanya zangu zinajikunja. Nimezima ili mama ajifungue, hapo sina neno. Lakini sikuzima ili gari lioshwe."

Fundi mkuu wa mabomba ya mji, kijana mwenye miwani, akakiri mbele ya wote kwamba katika kila ndoo kumi zinazoondoka mtoni, nne hazifiki kwa mtu. Mabomba ni ya zamani. Aliyasema hayo ameinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa mtu wa pili siku ile kusimama na kusema kosa lake.

Kuanzia hapo watu wakaanza kuongea kama watu. Ilichukua mchana kutwa. Sitakuchosha na yote. Watu wa mji walikubali kuziba mipasuko miwili mikubwa ndani ya siku kumi, kufunga sehemu za kuoshea magari mpaka mvua, na kugawana maji mitaani siku moja yanatoka, siku moja hayatoki. Hospitali kila siku, bila mjadala. Kwa kuwa bomba likizibwa mji utahitaji kidogo kuliko zamani, wakulima waliruhusiwa kupampu hata chini ya arobaini, lakini kwa muda wa saa tatu tu kwa siku, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila mmoja nusu ya shamba lake. Nusu nyingine aiache. Yakishuka chini ya thelathini na tano, hapo hakuna anayegusa, iwe nyanya iwe nini.

Na kipimo kikawekewa wasomaji wawili. Mimi nibaki, kwa sababu nimejitaja mwenyewe, na pembeni yangu asimame mtu wa wakulima, wote wawili watie saini kila mara. Injinia akawauliza wakulima wanamchagua nani. Foleni akamnyooshea kidole Kaka.

"Yeye amemkasirikia dada yake kuliko sisi wote," akasema. "Hawa wawili hawatakula njama."

Darasa likacheka, mji na wakulima, mara ya kwanza siku ile. Kaka hakucheka, wala hakukataa.

Basi tangu siku hiyo, Shangazi, ni wiki ya tano sasa, kaka yangu anakuja hapa mara mbili kwa siku. Namsikia viatu vyake kwenye ngazi za daraja. Tunateremka wote mpaka majini. Yeye anasoma kwa sauti, mimi nasoma kimoyomoyo, tukikubaliana naandika. "Thelathini na nane." Anatia saini, ananirudishia kalamu, anapanda. Siku nyingine ndilo neno pekee tunaloambiana. Wifi ananiambia nyumbani pia amekuwa hivyo, anakula, anakwenda shamba, analala.

Alipotakiwa kuacha nusu, aliyapima mashamba yote mawili kwa kamba, akakaa siku nzima bila kuamua. Mwishowe akaliacha la baba. Liko juu zaidi, maji yanapanda kwa shida, na kwa saa tatu za pampu lisingeshiba hata kama lingekuwa peke yake. Lile la kando ya nyumba ndilo lenye kuokoka. Mkulima yeyote angechagua hivyo. Lakini Wifi anasema siku alipokwenda kung'oa mipira ya maji kule kwa baba alirudi akalala saa kumi na moja na jua liko juu.

Nimefikiri sana kama nikuandikie hili. Najua hajakuambia. Wewe ulimwambia asiliache shamba la kaka yako likalala, na yeye amelilaza. Nadhani ndilo linalomkaba, kuliko hata mimi.

Nikuambie na moja zaidi. Wiki mbili zilizopita, siku ya tisa mfululizo ya jua kali, tuliteremka asubuhi. Ilikuwa Ijumaa, siku yake ya kupampu. Maji yalikuwa yamesimama kwenye thelathini na nne, na yalikuwa yanachezacheza kidogo kwa upepo, yanapanda yanashuka. Mtu akitaka angeweza kuona thelathini na tano. Nilitaka aseme yeye kwanza. Akachuchumaa na huo mgongo wake, akangoja upepo utulie, akatazama muda mrefu.

"Thelathini na nne."

Nikaandika. Akatia saini. Kisha hakupitia nyumbani. Alipanda ukingo kwa miguu, akaenda pampu kwa pampu kuwaambia wenzake wazime, akaanza na ya kwake. Wifi alimsikia Foleni akimuuliza kama ana hakika, naye akajibu, "Nimesoma mwenyewe." Zilizimwa zote kumi na tisa. Ilichukua siku sita hadi mvua kidogo ikanyesha huko milimani na maji yakarudi thelathini na saba. Siku zile sita hospitali haikukosa maji hata mara moja. Nilimpigia mkunga kumuuliza, akasema alishasahau habari za ndoo.

Alipoteza matuta matatu zaidi. Yaliyobaki yameanza kuwa mekundu.

Kwa hiyo Shangazi, niliyoyafanya ni hayo. Siku mbili nilimpendelea, halafu nikamfungia. Ukiona nimekosea siku ya kwanza, nakubali. Ukiona nimekosea ya mwisho, hapo tutabishana, na sitakuacha unimalizie sentensi.

Jumatatu asubuhi.

Jana niliishia hapo kwa sababu Kaka alifika kwa kipimo cha jioni, nikaacha karatasi juu ya meza mlango ukiwa wazi. Tuliteremka, tukasoma, thelathini na nane. Tulipopanda akaomba maji ya kunywa, jambo ambalo hajalifanya tangu mwezi wa nane. Nikaenda kumletea. Niliporudi alikuwa amesimama mezani.

"Unamwandikia Shangazi?"

"Ndiyo."

"Umemwambia la shamba?"

Nikafikiri nimdanganye, nikaona nimeshadanganya vya kutosha mwaka huu. "Nimemwambia."

Akanywa maji yote, akaweka kikombe. Nilidhani ataondoka. Akavuta kiti akasema, "Basi usifunge bahasha. Niachie nafasi chini."

Nimemwachia nafasi chini ya jina langu. Aandike atakavyo, sitasoma kabla ya kubandika.

Nisalimie mjomba na umwambie ile redio yake mume wangu ameitengenezea boksi jipya. Wasalimie binamu wote, mkubwa na wale mapacha, na mama mwenye nyumba wako aliyekutunza ulipoumwa. Wifi anakusalimu sana, na mama yetu mdogo anauliza kama bado unaimba unapopika. Watoto wanakupa shikamoo, mmoja kwa upepo.

Mungu akulinde, akupe wepesi kwenye ngazi na usingizi usiokatizwa.

Ni mimi, binti wa kaka yako, ninayekupenda hata ukinifokea,

Msoma Kipimo.

Shikamoo Shangazi. Ni Mbishi wako. Dada amemaliza karatasi, mimi nitasema kidogo. Niliyokuambia kwenye simu yalikuwa ya kweli ila niliyakata katikati. Nilimwomba aandike uongo, na kikaoni hakunitaja. Nilikuwa dawati la nyuma na sikusimama. Pampu sasa naizima mwenyewe. Shamba la baba limekauka, nimelichagua mimi, usimuulize mtu mwingine. Mvua ikija nitapanda kunde pale, hazinywi sana. Nilikuwa naogopa kukuambia. Mgongo ni afadhali kidogo. Jibu barua hii kwa anwani ya Dada, nafika hapa kila asubuhi na jioni.